Kubadilisha mandharinyuma ya picha ya mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaojifunza kazi studio kwetu, na kwa wateja wanaoleta picha wakisema "nitolee huo ukuta hapo nyuma". Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa. Kama tayari unajua kukata, ruka hadi sehemu ya kuweka mandhari mpya, maana huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

## Mambo ya mwanzo

Kubadilisha mandharinyuma ni kufanya nini hasa?

Ni kumtenga mtu na kila kilicho nyuma yake, kisha kumweka mbele ya kitu kingine: rangi moja, kitambaa cha studio, bustani, bahari. Mafundi wengi husema "kubadilisha bakigraundi", na kule kumtenga mtu hukuita "kumkata". Kazi ina nusu mbili. Kwanza unamkata, halafu unamfanya aonekane alisimama pale kweli. Wanaoanza humaliza nguvu zote kwenye nusu ya kwanza, na siku hizi hiyo ndiyo nusu ambayo programu inakusaidia sana. Ile ya pili inategemea jicho lako.

Nianze na programu ipi?

Kama huna bajeti, anza na GIMP. Ni ya bure, ipo tangu miaka ya 1990, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Photoshop ni ya kulipia kila mwezi, lakini vifaa vyake vya kuchagua nywele viko mbele. Kuna pia Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, ina sura ya Photoshop na inafungua faili za PSD, yaani faili za kazi za Photoshop.

Ninachokuomba uepuke ni Photoshop ya wizi inayozunguka kwenye flashi. Nimeona kompyuta ya kazi ikiingiwa na virusi kwa njia hiyo na picha za harusi za familia tatu zikapotea kwa siku moja. Hakuna mandhari inayolipa hasara hiyo.

Nina simu tu. Inawezekana?

Inawezekana kwa picha za mtandaoni. iPhone XS na za baadaye, zikiwa na iOS 16 na kuendelea, hukuruhusu kubonyeza mtu kwenye picha na kumshikilia, akabanduka kutoka nyuma yake. Tovuti kama remove.bg hufanya kazi hiyo kwenye simu yoyote, ila picha unayopewa bure ni ndogo. Ukitaka kubwa ya kuchapisha unalipia. Kabla ya kupakia picha ya mtu mwingine huko, soma swali la picha za wateja mwishoni.

Kama kuna kitufe cha kumaliza kazi kwa mguso mmoja, kwa nini nijifunze mengine?

Kwa sababu kitufe hakijui nani anaangalia picha. Kitakata sikio lililo kivulini, kitafunga tundu kati ya mkono na kiuno, kitaacha kipande cha ukuta ndani ya hereni ya duara. Mteja haoni kosa la programu, anaona sura ya mama yake imeharibika. Kitumie kama mwanzo wa kazi, kisha pitia ukingo wote kwa macho yako, picha ikiwa imekuzwa asilimia 100 au 200.

## Kabla ya kufungua programu

Nipigeje picha ili kukata kuwe rahisi?

Msogeze mtu mbali na ukuta, angalau mita moja na nusu, mbili zikipatikana. Umbali huo unaondoa kivuli chake ukutani na unazuia rangi ya ukuta isimrudie shingoni na mabegani. Nyuma yake pawe na rangi iliyo tofauti na nywele na nguo zake: mtu mwenye nywele nyeusi na koti jeusi, mweke mbele ya kijivu cha kati au buluu nyepesi.

La muhimu kuliko yote: ijue mandhari mpya kabla ya kupiga. Kama atawekwa kwenye bustani yenye jua linalotoka kushoto, taa yako iwe kushoto. Dakika mbili za kusogeza taa zinakuokolea saa nzima ya kompyuta.

Ni lazima niwe na kitambaa cha kijani?

Hapana. Kijani kinatumika sana kwenye video kwa sababu kiko mbali na rangi ya ngozi za watu wote, na kwa sababu vihisio vingi vya kamera za dijitali vina pikseli za kijani mara mbili ya zile nyekundu au za buluu, hivyo kijani hunaswa kwa usafi zaidi. Kwa picha moja ya mtu, kitambaa cha kijivu kilichopigwa pasi kinatosha na hakiachi rangi mbaya kwenye ukingo wa ngozi. Ukitumia kijani, hakikisha mteja hakuja na kitenge chenye majani.

## Kukata

Hatua zenyewe ni zipi?

Kwenye Photoshop, fungua picha, nenda menyu ya Select, chagua Subject. Programu itamchagua mtu. Kisha ingia Select and Mask, rekebisha ukingo, na mwisho toa matokeo kama maski ya leya. Leya ni kama karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, iliyolazwa juu ya nyingine. Mtu anakaa leya ya juu, mandhari mpya inakaa chini yake.

Kwenye GIMP, chukua kifaa kiitwacho Foreground Select. Chora mstari wa jumla kumzunguka mtu, bonyeza Enter, kisha mpake mtu ndani kwa brashi ili programu ijue nini ni chako na nini ni cha kuachwa. Ukiridhika bonyeza Enter tena. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, ongeza maski ya leya, na uiambie itokane na eneo ulilochagua.

Kwa nini maski, wakati kifutio kipo?

Kifutio kinaondoa moja kwa moja. Ukifuta sikio leo na mteja akalalamika kesho, umeanza upya. Maski inaficha tu. Ukipaka rangi nyeusi juu ya maski, sehemu hiyo inafichika. Ukipaka nyeupe inarudi. Kijivu inakuwa nusu. Kitufe cha X kinabadilishana rangi mbili za brashi, kwenye Photoshop na kwenye GIMP pia, hivyo unaweza kuficha na kurudisha bila kuinua mkono.

Shikilia Alt na ubofye maski ili uione peke yake. Utaona mara moja madoa ya kijivu yaliyobaki ndani ya uso au vumbi jeupe lililosahaulika pembeni.

Kuna mstari mweupe unamzunguka mtu wangu. Nautoaje?

Huo ni mwanga wa mandhari ya zamani ulioingia kwenye pikseli za ukingo. Punguza maski kwa kuisogeza ndani pikseli moja au mbili, kisha ilainishe kidogo sana, nusu pikseli hadi moja kwa picha ya kawaida. Usilainishe zaidi ya hapo. Mtu ataonekana kama ametengenezwa kwa pamba.

Ukibaki na rangi, kwa mfano kijani cha ukuta shingoni, ongeza leya mpya juu yake iliyofungwa kwa leya ya mtu ili isimwagike nje yake, weka hali (namna leya inavyochanganyika na iliyo chini yake) ya Color, na upake rangi ya ngozi uliyoichukua hapo hapo jirani. Hali hiyo hubadilisha rangi bila kugusa mwanga na kivuli.

Nywele zinanishinda. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mafunzo mengi ya mtandaoni hayatusaidii kwa sababu yanaonyesha nywele ndefu zilizonyooka zinazopeperuka. Nywele zetu nyingi zina tabia nyingine.

Nywele fupi za kipilipili na afro zina ukingo wa vitone na matundu madogo. Programu huukata ukingo huo laini kama kofia ya plastiki, na hapo ndipo mtu anapoanza kuonekana bandia. Baada ya kukata, chukua brashi ndogo yenye ukingo wa ugumu wa kati, au brashi yenye chembechembe, na ugonge-gonge kwenye maski kuzunguka kichwa, nyeusi na nyeupe kwa zamu. Usivute mistari. Unarudisha vitone vile vile vilivyoliwa.

Kama mtu alipigwa mbele ya ukuta mweupe au wa rangi nyepesi, kuna njia ninayoipenda zaidi. Nakili leya ya picha ya asili, iweke chini ya leya ya mtu aliyekatwa na juu ya mandhari mpya, kisha igeuze hali yake iwe Multiply. Nyeupe inapotea, nyeusi inabaki, na nywele zote hadi ule unywele mmoja zinajitokeza zenyewe. Iwekee maski ibaki kuzunguka kichwa tu. Njia hii inahitaji mandhari mpya iwe nyepesi au ya kati; kwenye usiku mweusi nywele zitamezwa.

Misuko na rasta ni rahisi, zina kingo kamili. Zifuate moja moja kwa kifaa cha kuchora njia, yaani mstari unaouchora mwenyewe kufuata ukingo, na kumbuka matundu kati yake pale zinapoangukia mabegani. Wigi lenye nyuzi ndefu ndilo linalotaka ile brashi ya kurekebisha ukingo iliyo ndani ya Select and Mask.

Programu inakula sikio au shingo ya mtu mwenye ngozi nyeusi. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu upande huo wa uso uko kivulini na nyuma yake pia pana giza, hivyo programu haioni mpaka. Wewe unaweza kuuona ukiipa picha mwanga. Weka leya ya muda ya Curves, kifaa cha kuongeza na kupunguza mwanga, juu ya kila kitu, ivute iwe nyepesi sana, kata ukingo kwa mkono ukiuona vizuri, kisha uifute leya hiyo. Tafadhali usimalize tatizo kwa kumng'arisha mtu mwenyewe. Rangi yake ni yake, na familia yake inaijua.

Na vitu vinavyopitisha mwanga, kama shela ya bibi harusi, mtandio mwepesi au miwani?

Hivi vinaonyesha kilicho nyuma yake, kwa hiyo vikikatwa kama nguo nzito vitabeba ukuta wa zamani kwenda ufukweni. Kwa shela, paka maski rangi ya kijivu mahali linapopitisha mwanga, kisha ongeza nakala ya shela kwenye hali ya Screen ili mikunjo yake myeupe irudi kung'aa. Hapa hali inayosaidia ni kinyume cha ile ya nywele: Screen huacha vyeupe na kupoteza vyeusi, kwa hiyo inafanya kazi vizuri shela likipigwa mbele ya giza.

Kwa miwani, angalia pembeni mwa lenzi, pale ambapo huoni ngozi bali ukuta. Kipande hicho kidogo kikisahaulika kinaharibu picha nzima.

Kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe je?

Chora njia kwa mkono. Usipoteze muda na kitufe. Ukiweza, piga tena picha.

## Kuweka mandhari mpya

Nimekata vizuri sana lakini bado anaonekana amebandikwa. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara liko kwenye mwanga. Jicho la mtu wa kawaida halijui maski ni nini, lakini tangu utotoni limeona jua na vivuli, na linatambua pale visipopatana hata kama mwenye jicho hawezi kusema kwa nini.

Angalia kivuli cha pua na kile cha kidevu, na vile vitone vyeupe vya mwanga ndani ya macho. Vinakwambia mwanga ulitoka wapi. Sasa angalia mandhari mpya: vivuli vya miti na kuta vinaelekea wapi? Vikipingana, geuza mandhari kama kioo. Mandhari ndiyo ya kugeuza, usimgeuze mtu, kwa sababu uso uliogeuzwa ndugu zake hawautambui vizuri, na vifungo vya shati huhamia upande usio wake.

Kisha angalia ukali wa mwanga. Jua la saa saba mchana kwetu huku karibu na ikweta linakuwa karibu utosini. Linachora kivuli kizito chini ya nyusi na pua. Uso wa namna hiyo hauwezi kukaa kwenye chumba chenye mwanga laini wa dirishani, hata ukate kwa mikasi ya dhahabu. Vivyo hivyo mtu aliyepigwa chini ya mti hatakaa kwenye mchanga unaowaka.

Baada ya hapo linganisha mwangaza. Weka leya ya muda ya nyeusi na nyeupe juu kabisa. Rangi zikiondoka, utaona kama mtu ana mwanga au giza kupita mazingira yake. Rekebisha kwa Curves kwenye leya ya mtu mpaka weusi wa nguo zake ulingane na weusi wa vivuli vya nyuma. Ondoa leya ya muda, sasa linganisha rangi: balbu ya ndani ni ya njano, kivuli cha nje siku ya mawingu ni cha buluu. Mtu wa njano kwenye mandhari ya buluu hupoa kwa kuongezewa buluu kidogo kwenye maeneo meupe ya nguo yake, si kwenye ngozi yote.

Mwisho ni chembechembe. Picha ya simu iliyopigwa usiku ina chembe nyingi, mandhari ya kushusha mtandaoni ni safi kama glasi. Nyunyiza chembe kidogo juu ya zote mbili kwa pamoja zishikane.

Mteja anataka machweo baharini. Kuna cha kuangalia?

Ndiyo, na ni jambo ambalo watu wa pwani hulishika mara moja. Dar es Salaam na Mombasa zinatazama mashariki. Kwenye fukwe zake za bahari kuu jua linachomoza majini, na jioni linazama upande wa nchi kavu. Ukimweka mtu kwenye ufuo wa Dar na jua linazama baharini, atakayeiona ataanza kucheka kabla hajamwona mtu. Machweo ya majini yapo kweli upande wa magharibi wa Unguja, kwa mfano ukiwa Forodhani, Mji Mkongwe.

La pili: jua likiwa nyuma ya mtu, uso wake unatakiwa uwe na kivuli na mabega yawe na mstari wa mwanga wa rangi ya chungwa. Uso uliowaka kwa mbele hauna jua la nyuma.

Picha ni ya mtu mzima mpaka miguuni. Nini kinabadilika?

Mambo mawili. La kwanza ni kivuli cha chini. Pale nyayo zinapogusa ardhi pawe na kivuli cheusi chembamba, halafu kivuli kikubwa zaidi na laini kikielekea upande ulio kinyume na mwanga. Bila kile chembamba mtu anaelea.

La pili ni upeo wa macho. Kamera ikiwa usawa wa macho ya mtu, mstari ambapo bahari inakutana na mbingu hupita usawa wa macho yake. Kamera ikiwa usawa wa kiuno, mstari hupita kiunoni. Ukiupandisha au kuushusha ovyo, mtu anakuwa jitu au mtoto.

Nitie ukungu kiasi gani kwa nyuma?

Kidogo kuliko unavyodhani. Usiweke ukungu sawa pande zote kwa picha ya mtu mzima: ardhi iliyo chini ya miguu yake iwe kali kama yeye, na ukungu uongezeke polepole kadiri unavyoenda mbali.

Napata wapi mandhari za kutumia?

Piga zako. Nina folda ya kuta, bustani, milango ya mbao na mbingu nilizopiga mwenyewe, kila moja nimeandika saa na upande wa mwanga. Nje ya hapo, Wikimedia Commons ina picha nyingi zenye leseni huria, lakini soma masharti ya kila moja, kwani nyingi zinataka utaje jina la mpigaji.

## Kuhifadhi na kuchapisha

Nimehifadhi mtu aliyekatwa, nikifungua nakuta nyuma pamekuwa peupe. Kwa nini?

Ulihifadhi JPEG, ambayo haina nafasi ya uwazi. Tumia PNG. Na kabla ya yote hifadhi faili la kazi lenye leya zote, PSD kwa Photoshop au XCF kwa GIMP.

Kwa nini picha inaharibika nikiituma kwa WhatsApp?

WhatsApp huibana. Itume kama dokumenti.

Ukubwa gani unafaa kuchapishwa?

Kwa nukta 300 kwa inchi, picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, na A4 inataka 2480 kwa 3508. Mandhari iwe na ukubwa huo pia. Mandhari ndogo iliyovutwa nyuma ya mtu aliye wazi huonekana papo hapo.

## Kazi zinazohitaji uangalifu

Naweza kubadilisha mandhari ya picha ya pasipoti au viza?

Nakushauri usifanye. Maelekezo ya Marekani kwa viza, pamoja na bahati nasibu ya DV (ile ya viza za kuhamia huko), yanataka nyuma pawe peupe au karibu na peupe, na yanakataza picha iliyobadilishwa kwa kompyuta. Picha ya DV ni ya mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600, isiyozidi KB 240, na miwani haikubaliwi tangu Novemba 2016. Uingereza nayo inataka picha ya pasipoti isiyoguswa na programu. Mtu anaweza kupoteza nafasi aliyoisubiri mwaka mzima kwa sababu fundi aliona uvivu kutundika kitambaa.

Shuka jeupe lililonyooshwa, mtu mita moja mbele yake, mwanga kutoka pande mbili: kazi imekwisha. Ofisi nyingine hutaka buluu, kwa hiyo soma maelekezo ya ofisi inayopokea kabla ya kupiga.

Mteja anataka aonekane yuko uwanja wa ndege au Ulaya. Nikubali?

Kama ni kumbukumbu ya nyumbani, kubali kwa furaha. Ni desturi ya zamani ya studio zetu. Wapigapicha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walikuwa na pazia zilizochorwa meli na ndege, na watu walijivunia picha hizo. Lakini kama anataka kumwonyesha mtu ili apewe fedha, au kuthibitisha safari ambayo haikuwepo, kataa.

Naweza kupakia picha za wateja kwenye tovuti za kukata?

Waulize kwanza. Uso wa mtu ni taarifa yake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019, na ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kwa picha za watoto na za hospitali, natumia GIMP kwenye kompyuta yangu tu, picha haitoki nje.

Familia imeleta picha ya kundi na inataka ya marehemu peke yake kwa ajili ya msiba. Nianzie wapi?

Anza kwa kuomba picha halisi ya karatasi badala ya ile iliyopigwa na simu juu ya meza. Iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Kisha kaa na mtu mmoja wa familia, mwenye kauli, akuambie wanataka nini; ukisikiliza watu watano utafanya picha tano.

Mara nyingi bega moja limefunikwa na mtu wa pembeni. Nakili bega la pili, ligeuze, lifunike pale, halafu futa mfuko au nembo ya shati iliyohamia upande usio wake. Mkono wa mwenzake uliobaki shingoni utolewe kwa kunakili kitambaa cha jirani, taratibu. Nyuma weka rangi moja tulivu, kijivu au buluu iliyofifia, yenye mwanga kidogo nyuma ya kichwa. Mawingu na njiwa waachie wale watakaoviomba wenyewe.

Usimvalishe. Niliwahi kuombwa na kijana mmoja nimwekee baba yake mkubwa suti badala ya kanzu na kofia alivyokuwa amevaa. Nilifanya, ilikatwa safi, nikaichapisha kubwa. Mjane alipoiona alisema, "Huyu siye." Usiku ule ule nilirudi kwenye faili la kazi, nikafungua maski, kanzu ikarudi, na asubuhi wakaibeba ile.